Kummalizia Mdoli Kariakoo

Mdoli wa viungo vya gololi hasimami kwa nguvu ya miguu yake. Anasimamishwa na mpira uliofichwa ndani. Unaanzia kwenye kulabu ya kifundo cha mguu, unapanda ndani ya muundi na paja, unapita tumboni na kifuani, unatokea shingoni, unakamatwa kichwani. Mwingine unatoka kiganja hiki, unapita mabegani, unaishia kiganja cha pili. Hamna msumari wala skrubu. Kila kipande kinavutwa kuelekea katikati ya mwili, na msuguano wa gololi ndani ya kikombe chake ndio unaoushika mkono pale ulipouinua. Ukikata mpira huo unabaki na rundo la mabomba yenye vidole.

Ubunifu huu haukuzaliwa pwani yetu. Wachoraji wa Ulaya walikuwa na sanamu ndogo za mbao zenye viungo vya gololi tangu karne ya 16. Msanii wa Kijerumani, Hans Bellmer, alikutana nazo katika jumba la makumbusho mjini Berlin, na mwaka 1935 akatengeneza mdoli wake wa pili mwenye gololi kubwa tumboni, mwili ukawa unageuka kila upande. Picha alizompiga si za kumwonyesha mtoto. Zilifika Japani, na miaka ya 1960 zikamfikia kijana Yotsuya Simon, ambaye yeye na wenzake waliifanya kazi hiyo kuwa sanaa inayofundishwa. Kisha mwaka 1999 kampuni ya Volks ya Kyoto ikaanza kuuza midoli iliyoitwa Super Dollfie, ya plastiki nzito ya kumimina kwenye umbo. Bei ya mmoja ni mamia ya dola, na hapo hujamnunulia kiatu.

Mimi ni fundi cherehani, nashona nguo za watoto. Nilikuwa nataka kitu cha kuvalisha sampuli, kinachoweza kukaa kitako, kukunja goti na kuinua mkono ili mteja aone kwapa la gauni linavyokaa. Midoli inayoning'inizwa Mtaa wa Kongo ina mikono ya kupanda na kushuka tu, kama bendera, na karibu yote ina nywele za njano. Halafu kuna mtoto wa dada yangu. Siku moja alinishikia mmoja wa hao akaniuliza, "Mama mdogo, huyu akiumwa anapelekwa hospitali gani?" Sikuwa na jibu. Nikaona bora nimtengenezee mwenye rangi yake, atakayetibiwa Amana kama sisi.

Naishi kwenye moja ya nyumba chache za Kiswahili zilizobaki Kariakoo, za ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia na ua nyuma, katikati ya maghorofa yanayotuzibia jua ifikapo saa tisa. Kwa kazi ya udongo wa karatasi, jua ndilo mtaji wa kwanza. Mtaji wa pili ni takataka, na sijui mahali pengine nchini penye takataka bora kuliko hapa. Mtaa wa Aggrey unatupa lile povu jeupe gumu linalokuja na televisheni, na hilo ndilo la kuchonga kiini cha paja na kifua. Udongo wenyewe niliupika jikoni: karatasi laini za chooni zilizolowekwa na kukamuliwa, gundi nyeupe ya maseremala, unga wa chaki uliochekechwa, uji mzito wa unga wa ngano. Juu yake matone machache ya mafuta ya karafuu, maana uji wa ngano kwenye joto la Dar unaota ukungu kabla haujakauka. Wauza manukato wanayauza kwa vichupa, nao hudhani unaumwa jino.

Shida ilikuwa gololi. Udongo wa karatasi husinyaa ukikauka, na hausinyai sawasawa, kwa hiyo mpira ulioufinyanga ukiwa duara kamili unakauka umbo la kiazi. Kiungo hakitaki kiazi. Suluhisho likatoka kwenye roloni. Kile kidude cha duara kinachozunguka mdomoni mwa chupa ya manukato ya kwapa ni gololi ya plastiki, nyepesi, tupu ndani, duara kuliko chochote ambacho mkono wangu ungeweza kukitoa. Kichupa kikiisha, unakibenua kwa bisibisi, gololi inaruka. Nilitangaza ukumbini, na kuanzia hapo hakuna mpangaji aliyetupa roloni. Kubwa zikawa mabega na nyonga, ndogo zikawa magoti na viwiko, na kwa vifundo nikatumia shanga za mbao.

Kikombe cha kiungo kinatengenezwa juu ya gololi yenyewe: unaipaka mafuta ya mgando, unaifunika na udongo kufikia karibu nusu, unaacha ukauke, unaitoa. Usifike nusu kamili, haitatoka. Kisha unakata mfereji kwenye gololi kwa kisu kilichopashwa moto, upande wa nyuma kwa goti, upande wa ndani kwa kiwiko, ili kiungo kinapokunjwa mpira upate njia ya kupita. Mfereji mfupi, goti linagoma. Ukiwa mrefu kupita kiasi, goti linakunjika hadi mbele, na mdoli anatembea kama korongo.

Vipande vyote hukauka mbalimbali. Hapo ndipo uani kwetu kulipochafuka. Nilivitunga kwenye kamba ya nguo: mapaja, miundi, mikono, kiwiliwili kisicho na kichwa, na kichwa kikiwa peke yake juu ya chupa ya soda. Mama mwenye nyumba alitoka alfajiri kwenda kutia udhu, akarudi ndani bila kutia udhu. Asubuhi aliniita.

"Mwanangu, mimi nakaa na wewe vizuri. Lakini hivi vipande vya watu mnavyoanika hapa ni vya nini?"

Nilimweleza. Hakuridhika, na sikumlaumu, maana suala la sanamu yenye umbo la mtu si dogo kwenye nyumba ya Kiislamu. Akampeleka mjukuu wake kumwita ustadhi wa madrasa ya mtaa wa nyuma. Ustadhi alikuja, akakishika kichwa, akakigeuza, akauliza ni cha kuabudiwa au cha kuchezea. Tulipomwambia, akatukumbusha kwamba Bi Aisha alikuwa na wanasesere wake nyumbani kwa Mtume, na wenzake wakija kucheza naye, habari iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Akasema wanazuoni wamehitilafiana juu ya picha na masanamu, lakini wengi wao wameacha nafasi kwa vitu vya watoto. Mama mwenye nyumba akashusha pumzi. Ustadhi akiwa mlangoni akageuka: "Ila usivianike usiku, bibi. Watu wana presha."

Watu hudhani ufinyanzi ndio kazi. Ufinyanzi ni sehemu ya raha. Kazi inaanza vipande vikishakauka, vikiwa na mashimo ya viputo, mishono pale ulipopasua kutoa povu la ndani, na mikunjo ya vidole vyako mwenyewe. Seremala wa Keko akikupa kabati, kasoro za nyuma zinaelekea ukutani. Mdoli hana upande wa ukutani. Kila kona ya mwili wake itashikwa, na kiganja kinahisi kitu kidogo sana ambacho jicho limekipita.

Niliyejifunza kwake jambo hilo hajawahi kutengeneza mdoli. Ni fundi bodi wa Gerezani, mzee anayenyoosha na kupaka rangi magari kwenye kichochoro kisichotosha hata gari moja kugeuka. Nilikwenda na mguu mmoja ndani ya mfuko wa rambo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari liko wapi?"

"Sina gari, mzee. Nina mguu."

Alicheka mpaka vijana wake wakaacha kupiga nyundo. Kisha akaupokea, akafumba macho, akaupitisha kwenye kiganja cha kushoto, maana cha kulia, alisema, kimeshakufa ganzi kwa kazi. "Hapa pana bonde. Hapa pana lingine. Hapa umepiga msasa kwa vidole." Alikuwa amesoma alama zote bila kuzitazama.

Vidole vina nyama laini na mifupa, kwa hiyo msasa ulioshikwa kwa vidole unachimba mistari minne. Vijana wake wanazungushia msasa kwenye kipande cha soli ya kandambili: kigumu cha kutosha kupita juu ya bonde bila kuzama, laini cha kutosha kufuata mviringo. Kisha akanionyesha jambo ambalo sasa sifanyi kazi bila hilo. Alichukua masizi, akayasambaza kwa kitambaa mguu wote ukawa mweusi tititi, akapiga msasa taratibu. Palipoinuka pakawa peupe mara moja. Kwenye mabonde weusi ukabaki, kila bonde likajichora lenyewe kama ramani ya visiwa. Unajaza udongo mwembamba palipo peusi, unasubiri ukauke, unapaka masizi tena. Weusi ukiondoka wote kwa pamoja, umemaliza hatua hiyo. Kwa magari wanamwagia maji na kutumia msasa wa maji, lakini udongo wangu una gundi inayoyeyuka, kwa hiyo niliendelea kavu, na barakoa usoni, kutoka namba 120 hadi 240, 400, na 800 kwa uso na viganja. Kuruka namba hakusaidii. Mikwaruzo ya 120 haiondolewi na 400, inang'arishwa tu, na rangi ikija juu yake inaonekana yote.

Niliuliza bei ya somo. Akasema nimshonee mjukuu wake sare ya shule.

Bibi yangu alikuja kutoka Maneromango wakati nikiwa kwenye msasa wa 800. Yeye ni Mzaramo wa zamani, wa kuwekwa ndani. Alikaa mkekani akanitazama nikisugua kidole kimoja cha mdoli mpaka chai ikapoa, ndipo akaniuliza huyu mtoto ana mikono mingi ya nini.

Sikulielewa swali hadi alipoanza kuhadithia mwana hiti. Wasomaji wengi wa Dar wamemwona bila kumjua: kijisanamu cha mti, kirefu cha shubiri hivi, kiwiliwili kama kipande cha mche kisicho na mikono wala miguu, matiti madogo, kitovu, na kichwa chenye mashungi mawili ya nywele yaliyogawanyika katikati. Wazaramo, Wakwere, Waluguru na majirani zao wamekuwa wakimpa mwali anapowekwa ndani baada ya kuvunja ungo. Umbo lile lile utalikuta juu ya fimbo za wakubwa, kwenye viti, kwenye mazeze, hata kwenye nguzo za makaburi. Marja-Liisa Swantz, mtafiti wa Kifini aliyeishi na Wazaramo wa pwani, aliziandika desturi za mwali katika kitabu chake cha mwaka 1970, na Bibi akisikia kwamba kuna Mzungu aliyeandika hayo huuliza kwanza nani aliyemwambia.

Mwali alimtunza mwana hiti kama mtoto. Alimwogesha, alimpaka mafuta ya mbarika, alimvisha shanga, alimsuka ikiwa kichwa kimetiwa nywele, alilala naye. Zamani mtu aliweza kukaa ndani miezi mingi, wengine miaka, kabla shule hazijaifupisha desturi. Na hapa Bibi akasema neno ambalo limebadilisha namna ninavyoitazama kazi yangu. Mchongaji, alisema, hakuwa na haja ya kusugua sana. Alipitisha majani ya msasa, yale yenye meno yanayokwaruza, akamkabidhi. "Kumlainisha ni kazi ya mwali. Mchongaji akimlainisha yeye, mwali atafanya nini humo ndani?"

Nilikuwa nimeshika kipande cha kandambili mkononi. Kila kitu nilichokuwa nikijifunza kuhusu kumalizia kilikuwa cha kuizuia mikono: rangi ya kukinga jasho, vanishi ya kukinga rangi, onyo kwa mtoto anawe kwanza. Mdoli wa Kyoto anamalizwa na aliyemtengeneza, na kuanzia siku hiyo kila mguso ni uchakavu. Mwana hiti anakabidhiwa nusu, na weusi ule mzito unaong'aa, ambao wakusanyaji wa Ulaya wanaulipia fedha nyingi, hakuuweka mchongaji. Wananunua mafuta na jasho la wasichana ambao majina yao hayakuandikwa kwenye kibandiko chochote cha kabati la kioo. Mara nyingi la mchongaji nalo halikuandikwa, lakini hilo angalau watu hulilalamikia.

Sikuacha njia yangu hapo hapo. Mdoli alikuwa amefika mbali, na nilikuwa nimeshanunua vanishi ya kupuliza isiyong'aa, ghali. Nilirudi Gerezani mwezi wa nne, mvua za masika zimejaa Jangwani, nikamwomba mzee anipulizie. Alinyoosha kidole juu kwenye mawingu. "Leo hapana. Itaingia maziwa." Vanishi ya kupuliza hukauka kwa kutoa hewa yake haraka, na inapotoka huupoza uso uliopakwa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, umande unatua juu ya rangi ambayo haijashika, na unabaki humo kama ukungu mweupe. Kwenye rangi nyeupe huuoni. Kwenye ngozi ya kahawia, ambayo nilikuwa nimeipata kwa kukoleza rangi ya ukutani kwa vichupa vitatu tofauti vya rangi kali, ungeonekana kama ugonjwa. Tukangoja kipupwe. Mwezi wa saba, mchana wa jua lenye upepo mkavu wa kusi, alinipulizia mikono minne myembamba ya vanishi, na maziwa hayakuingia.

Uso niliuchora mwenyewe. Wekundu kidogo mashavuni kutoka chaki ya rangi iliyokwanguliwa ikawa poda, nyusi kwa brashi ya nywele chache. Kope ni zile za kubandika, zimejaa kila kona ya Kariakoo, nikazipunguza kwa mkasi. Nywele ni rasta laini niliyoisuka twende kilioni juu ya kofia ya kitambaa. Kifuniko cha kichwa kinashikwa na sumaku mbili zilizotolewa kwenye spika za simu mbovu.

Kumfunga mpira ndiko kunakotisha, kwa sababu ndipo unapojua kama una mdoli au una vipande. Kulabu zilitoka kwenye spoku ya baiskeli. Lastiki ya duara, ile nene, tunaiuza sisi wenyewe mafundi cherehani kwa mita. Ukiikaza mno, mdoli anarusha teke ukigusa goti. Ukiilegeza, anaporomoka na mikono inalala. Gololi zangu zilikuwa zinateleza hata mpira ulipokuwa sawa, maana plastiki ya roloni ni laini kama sabuni. Fundi wa makubadhi wa Mtaa wa Sikukuu akaniambia nibandike ngozi nyembamba ndani ya vikombe, upande wa manyoya ukitazama gololi, akanipa mabaki bure. Tangu hapo akiinua mkono unabaki juu.

Mtoto wa dada yangu alimpokea bila sherehe. Alimkalisha, akamkunja magoti, akamuuliza kama anataka uji. Wiki chache baadaye nilipokwenda Buguruni kuwasalimu, mdoli alikuwa anang'aa mikono na mabega, mabaka mabaka, vanishi yangu ya Gerezani imekwisha habari yake. Alikuwa anampaka mafuta ya nazi kila akitoka kuogeshwa. Nilifungua mdomo kumkataza, dada akanitazama, nikafunga.

Mdoli wa pili, wa mteja wa Ilala, sikumpulizia. Nilimpaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, nikaisugua kwa kitambaa cha pamba mpaka ikashika. Haikingi kama vanishi, na rangi ya chini inabidi iachwe ikomae vizuri kabla ya kuipaka. Lakini mtoto akimpaka mafuta, nta inayapokea, na mabaka hayaonekani. Kwa lastiki niliwaambia wenyewe: ikilegea mleteni, mjukuu wa mama mwenye nyumba ameshajua kuivuta kwa kamba ya kiatu, na huchukua muda wa kuchemsha chai.

Bibi naye ameagiza wake, wa kumpelekea kitukuu huko Maneromango. Amesema wa kwake nisimtie mikono wala miguu, na kwa hiyo bei iwe nusu.